Kujiunga na klabu za wanafunzi katika chuo kikuu cha Japani: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa kubadilishana

Mwanafunzi anayekwenda Japani kwa muhula mmoja au mwaka mmoja hukuta mengi yamekwisha kupangwa: bweni, vipindi, bima, hata siku ya kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. Asichopangiwa na mtu ni marafiki. Vipindi vinavyofundishwa kwa Kiingereza hujaa wageni wenzake, bweni la kimataifa hali kadhalika, na Wajapani anaosoma nao huingia darasani, husikiliza, kisha huondoka. Si kwamba hawataki kuzungumza naye. Maisha yao ya chuo yako kwingine, na kwa wengi wao huko kwingine ni klabu. Huko ndiko wanakopata wenzao wa kula nao mchana, wa kusafiri nao wakati wa likizo, na wa kualikana harusini miaka mingi baadaye.

Shida ni kwamba kila mtu humwambia mgeni "jiunge na klabu", halafu humwacha mlangoni. Hajui atafute wapi, aandike nini, avae nini, wala alipe kiasi gani. Mwongozo huu unampitisha hatua kwa hatua mwanafunzi anayetoka kwetu Afrika Mashariki, kuanzia nyumbani hadi siku ya kuaga. Shauri langu kubwa nalisema mapema: chagua klabu moja, ichague katika wiki za mwanzo, kisha uhudhurie bila kukosa. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulitimiza hilo.

Zijue aina zake kwanza

Chuo kikubwa kama Waseda kina vikundi vya wanafunzi vinavyohesabiwa kwa mamia, na ukiingia bila kujua tofauti zake utapoteza mwezi mzima.

Kuna bu, yaani klabu rasmi. Za michezo huwa chini ya umoja uitwao taiikukai. Zina makocha, hufanya mazoezi karibu kila siku, nyingine alfajiri kabla ya vipindi, na hushindana na vyuo vingine kwenye ligi. Mwanachama huingia mwaka wa kwanza na kubaki humo hadi anapokaribia kuhitimu. Zipo pia bu za utamaduni: okestra, chai ya kimila, kaligrafia, tamthilia, upigaji picha. Hizi nazo zina nidhamu, lakini nyingi hukutana mara moja hadi tatu kwa wiki.

Kisha kuna saakuru. Hizi ni vikundi huru zaidi, vinavyoendeshwa na wanafunzi wenyewe: tenisi, futisali, densi, kupanda milima, anime, kujitolea, kula rameni (tambi za supu), karibu chochote unachoweza kukifikiria. Jina peke yake halikuambii kitu. Kuna saakuru za densi zinazofanya mazoezi hadi usiku wa manane onyesho linapokaribia, na kuna saakuru za tenisi ambazo raketi hushikwa kidogo kuliko glasi. Nyingine hukusanya wanafunzi wa vyuo kadhaa na huitwa inkare. Nyingine zimetambuliwa rasmi na chuo, nyingine hazijatambuliwa, na tofauti hiyo ina uzito kwenye bima na usalama, kama utakavyoona.

Aina ya tatu ni vikundi vya kimataifa vilivyoundwa ili Wajapani na wageni wakutane. Vyuo vingi vina kimoja au zaidi. Ni mlango mzuri wa kuingilia kwa sababu wanachama wake wamezoea Kijapani cha kubabaisha. Lakini usiishie hapo. Humo kila mtu amekuja kukutana na mgeni, na mgeni akiondoka anakuja mwingine. Kwenye klabu ya chai au ya mpira wa wavu watu wamekuja kwa ajili ya chai na mpira, na urafiki unaozaliwa pembeni mwa kazi ya pamoja hudumu zaidi.

Neno moja kwa Wakenya. Ukitaja nchi yako, usishangae ukiulizwa kama unakimbia. Mbio za kupokezana za Hakone, zilizoanza mwaka 1920, hukimbiwa na vyuo vikuu kila tarehe 2 na 3 Januari kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, hatua 10, jumla ya takriban kilomita 217. Televisheni huzionyesha moja kwa moja na nusu ya nchi huwa imekaa kuzitazama. Joseph Otwori alikimbia kwa niaba ya chuo cha Yamanashi Gakuin mwaka 1989, na tangu hapo wanafunzi Wakenya wamekuwa sehemu ya mbio hizo. Yegon Vincent wa Tokyo International University aliweka rekodi ya hatua ya pili mwaka 2021, kwa saa 1, dakika 5 na sekunde 49. Wanariadha hao husajiliwa kwa ufadhili wa miaka minne, na kila timu huruhusiwa kumkimbiza mwanafunzi mgeni mmoja tu. Mwanafunzi wa kubadilishana haingii kwa njia hiyo. Kama unapenda kukimbia, tafuta saakuru ya mbio za kujifurahisha. Zipo vyuo vingi na gharama yake ni viatu tu.

Kalenda ndiyo inayoamua

Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili. Muhula wa kwanza huenda hadi mwisho wa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Wa pili huanza mwishoni mwa Septemba au Oktoba na kumalizika Januari au mwanzoni mwa Februari. Klabu huandikisha wanachama wapya Aprili, katika msimu uitwao shinkan. Siku hizo njia za chuo hujaa meza, mabango na wanafunzi wanaogawa vipeperushi kwa kila anayepita. Ndani ya wiki mbili au tatu kila klabu hufanya mazoezi ya wazi na kualika wapya chakula, mara nyingi bila malipo. Ukifika Aprili, acha kila kitu kingine na utumie wiki hizo vizuri. Pokea kila kipeperushi na uhudhurie mikutano ya klabu nne au tano. Usisaini popote katika wiki ya kwanza.

Wengi wetu lakini hufika Septemba. Wakati huo hakuna meza. Baadhi ya klabu hufungua tena mlango kidogo, nyingine husema wazi kwamba wapya huingia Aprili tu, na nyingi hazina msimamo wowote kwa sababu hakuna aliyewahi kuziuliza. Hizi za mwisho ndizo zako. Muhula wa vuli una faida moja ambayo hutajwa mara chache: tamasha la chuo. Vyuo vingi hufanya tamasha lao karibu na mwanzo au katikati ya Novemba, na klabu huhitaji mikono ya kukaanga tambi, kubandika mabango na kubeba viti. Anayejitokeza Oktoba kusaidia huingia katikati ya kazi, na kazi huondoa haya haraka kuliko karamu yoyote ya kukaribishana.

Jambo jingine la kalenda ni uongozi. Klabu nyingi huongozwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao hung'atuka mwishoni mwa mwaka ili watafute kazi. Ukiandika ujumbe Novemba au Desemba na usijibiwe, huenda anayeshika akaunti amebadilika. Andika tena baada ya wiki mbili. Si ukosefu wa adabu.

Kabla hujapanda ndege

Ingia kwenye tovuti ya chuo na utafute orodha ya vikundi vilivyotambuliwa. Mara nyingi iko kwa Kijapani tu, kwa hiyo tumia programu ya kutafsiri. Chagua sita au saba, kisha zitafute Instagram na X, kwa sababu klabu za Kijapani hutangaza humo zaidi kuliko kwenye tovuti. Angalia tarehe ya chapisho la mwisho. Klabu isiyoandika chochote kwa mwaka mzima pengine imekufa.

Nenda na viatu vya michezo vya nje, na jozi nyingine safi ambayo haijakanyaga lami, kwa sababu kumbi za michezo haziruhusu viatu vya nje. Ukivaa saizi 45 na kuendelea hili ni la lazima. Maduka ya kawaida huko yana viatu vichache vya ukubwa huo. Kama unatumia dawa, au una mzio au pumu, jifunze kulisema kwa Kijapani au uwe na karatasi iliyoandikwa.

Kijapani chako kisikuzuie. Kwa klabu ya mikono na mwili (michezo, densi, upishi, ala za muziki) maneno ya salamu na ya kila siku yanatosha kuanzia. Kwa klabu ya midahalo au tamthilia, mambo ni magumu zaidi.

Ujumbe wa kwanza

Usitokee tu. Klabu nyingi hupenda kujua mapema kwamba mgeni anakuja, na ukitoa taarifa watakuwa wamemtafuta mwanachama anayejua Kiingereza kidogo akae karibu nawe. Tuma ujumbe mfupi kwa Instagram au barua pepe. Tuseme jina lako ni Asha na unataka klabu ya chai:

"Hajimemashite. Asha to mōshimasu. Tanzania kara no kōkan ryūgakusei de, rainen no hachigatsu made Nihon ni imasu. Sadō wa hajimete desu ga, ichido kengaku sasete itadakemasen ka. Nihongo wa mada jōzu dewa arimasen ga, ganbarimasu. Yoroshiku onegai itashimasu."

Maana yake: Habari, ndiyo mara ya kwanza tunawasiliana. Naitwa Asha. Ni mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Tanzania na nitakuwa Japani hadi Agosti mwakani. Sijawahi kujifunza chai ya kimila, lakini naomba kuja kutazama mara moja. Kijapani changu bado si kizuri, ila nitajitahidi. Naomba mnipokee.

Ujumbe huu una vitu vitatu usivyopaswa kuviacha. Umesema utaondoka lini, ili wasije wakahisi umewaficha. Umesema wewe ni mwanagenzi. Na umeomba kutazama tu, yaani kengaku, jambo ambalo ni rahisi kulikubali. Neno jingine utakaloliona ni taiken, ambapo unaalikwa kujaribu mwenyewe. Tangazo likisema shoshinsha kangei, wanaoanza wanakaribishwa.

Kama hujibiwi na klabu yoyote, nenda kwenye dawati la wanafunzi wa kigeni au ofisi ya huduma za wanafunzi, gakusei-ka. Waombe wakupigie simu kwa niaba yako. Simu moja ya karani hufungua milango ambayo ujumbe kumi haukuifungua. Kama umepangiwa mwanafunzi msaidizi, mwombe mwende pamoja siku ya kwanza.

Siku ya kutazama

Fika dakika kumi kabla ya muda. Ukiingia chumbani, toa salamu kwa sauti ya kusikika: "Shitsurei shimasu", yaani samahani kwa kuwasumbua, kisha "Yoroshiku onegai shimasu", naomba mnipokee. Tazama wengine wamevua viatu wapi na wameviweka vipi, nawe fanya hivyo. Sisi tuliolelewa kuamkia wakubwa hatuna kigeni hapa. Ile shikamoo ya nyumbani ina ndugu zake kwenye kila klabu ya Kijapani.

Nichukue mfano wa klabu ya chai, kwa sababu nadhani ni miongoni mwa zinazompokea mgeni vizuri zaidi. Unavaa soksi nyeupe safi. Unavua saa na pete, kwa sababu bakuli ni la udongo na huenda lina umri mkubwa kuliko wewe, na chuma hulikwaruza. Unaingia ukumbini bila kukanyaga kingo za kitambaa za mikeka ya tatami. Unakaa umekunja magoti, na baada ya dakika kumi miguu inakufa ganzi. Hakuna atakayekasirika ukiomba ruhusa ya kuikunjua. Kwanza unaletewa kitamu kidogo kwenye karatasi, unakila chote. Bakuli likiwekwa mbele yako, unainama kwa aliye pembeni na kusema "Osaki ni", yaani natangulia, kisha kwa aliyetengeneza chai, "Otemae chōdai itashimasu". Unaliweka bakuli kwenye kiganja cha kushoto, unalizungusha kidogo kwa mkono wa kulia ili usinywee upande wake wa mbele, unakunywa, na funda la mwisho unalivuta kwa sauti. Chai yenyewe ni chungu na ya kijani, haina maziwa wala tangawizi. Saa mbili zikiisha unakuwa umefundishwa mengi bila kuhitaji sentensi ndefu hata moja, na wiki ijayo unajua utafanya nini. Ndiyo maana naipendekeza kwa mwenye Kijapani kidogo.

Upigaji upinde, kyūdō, nao huwavutia wengi, lakini fikiria muda wako kwanza. Shabaha iko umbali wa mita 28 na upana wake ni sentimeta 36, na mwanagenzi haruhusiwi kuilenga hivi hivi. Huanza na hatua nane za mwendo wa mwili bila upinde, kisha upinde mdogo wa mpira, kisha upinde wa kweli bila mshale, kisha hupiga mshale kwenye fungu la majani makavu lililo mita mbili hivi mbele yake. Miezi inapita. Aliyekuja kwa mwaka mzima atafika kwenye shabaha na atafurahi sana. Aliyekuja kwa miezi minne huenda akaondoka akiwa bado na upinde wa mpira.

Kabla ya kuondoka siku hiyo, uliza maswali haya bila haya: mnakutana siku gani na saa ngapi, ada ni kiasi gani na hulipwa lini, kuna vifaa vya kuazima, kuna kambi ya mazoezi, na mwanachama wa muda mfupi anaruhusiwa kushiriki maonyesho au mashindano? Mashindano ya ligi mara nyingi yana masharti ya usajili ambayo mwanafunzi wa kubadilishana hayatimizi. Ni bora ulijue hilo Aprili kuliko Julai.

Kuchagua

Ratiba ndiyo kigezo cha kwanza. Klabu unayoipenda sana lakini inagongana na maabara ya Alhamisi utaiacha ndani ya mwezi. Kigezo cha pili ni je, kulikuwa na mtu aliyekuuliza jina na akalikumbuka ulipoaga? Klabu ikiwa na watu wawili wa namna hiyo, inatosha. Umaarufu wa klabu, vikombe ilivyoshinda, picha zake nzuri, hayo yote yawe nyuma.

Wale walio karibu na Osaka au Tokyo wana bahati ya pekee. Chuo Kikuu cha Osaka, katika kitivo chake cha lugha za kigeni kilichopo Minoh, kina wanafunzi wa shahada wanaosomea Kiswahili. Chuo Kikuu cha Masomo ya Kigeni cha Tokyo kina idara ya Afrika. Tamasha la chuo hicho cha Tokyo la Novemba ni la aina yake: wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupika na kuuza vyakula vya eneo wanalolisoma, na wa mwaka wa pili huigiza tamthilia kwa lugha wanayojifunza. Hata kama husomi huko, nenda ukawatafute. Hakuna klabu itakayokupokea kwa furaha kuliko vijana ambao wamekaa mwaka mzima na vitabu vya ngeli na hawajapata wa kuzungumza naye.

Pesa, fomu na bima

Saakuru nyingi hutoza yeni elfu chache kwa mwaka au muhula. Muulize mweka hazina, kaikei, kama wa muhula mmoja analipa nusu; wengi hukubali. Bu za michezo ni ghali zaidi ukijumlisha sare, vifaa na safari. Vifaa vya kendo (mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi) pekee hufika makumi ya maelfu ya yeni, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kuuliza vya kuazima. Gharama inayowashtua wengi ni kambi ya mazoezi, gasshuku, ya siku tatu au nne wakati wa likizo ya Agosti na Septemba au Februari na Machi. Usishangae ikifika yeni 30,000 au zaidi. Si lazima kwenda katika saakuru nyingi, lakini kama una akiba ya safari moja tu ndani ya Japani, itumie hapo. Kulala sakafuni chumba kimoja na watu kumi, kupika pamoja na kuoga bafu la pamoja hufanya kazi ambayo mikutano ya miezi mitatu haiifanyi. Kuhusu bafu, wanaoga bila nguo yoyote, wanawake kwao na wanaume kwao. Ukitaka kuoga peke yako, mwambie kiongozi mapema, atakutafutia muda.

Bima ina ngazi mbili. Kila anayekaa zaidi ya miezi mitatu hujiunga na bima ya afya ya taifa, na hospitalini hulipa asilimia 30 ya gharama. Juu yake kuna bima ya ajali ya wanafunzi iitwayo Gakkensai, ambayo hugharamia pia ajali za shughuli za klabu, mradi klabu imetambuliwa na chuo. Vyuo vingine huwaandikisha wote moja kwa moja, vingine humwachia mwanafunzi. Uliza dirishani siku ya usajili, hasa kama unaelekea judo, raga au kupanda milima.

Klabu ikilipwa kwa onyesho na kutaka kukupa fungu lako, kwanza uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Viza yako ni ya masomo, na kazi ya malipo inahitaji kibali chake.

Ukishaingia

Mawasiliano yote yako kwenye kundi la LINE, programu ya ujumbe kama WhatsApp. Ratiba hupangwa kwa kura ya mtandaoni ambamo kila mtu huweka duara kwa siku anayoweza na msalaba kwa siku asiyoweza. Jibu kura hiyo siku ile ile. Ukichelewa, anayepanga anakwama, na hatakuambia.

Kutokuja si kosa kubwa. Kutokuja bila taarifa ndilo kosa. Sentensi moja inatosha: "Sumimasen, kyō wa jugyō no tame yasumimasu", samahani, leo sitakuja kwa sababu ya kipindi. Ukiandika hivyo kabla ya mazoezi hujamkosea mtu.

Waliokutangulia ni senpai, hata kama umewazidi umri. Waite kwa jina la ukoo na "san" au "senpai". Mwisho wa mazoezi kila mtu hufagia, hukunja nyavu, hufuta sakafu. Usisubiri kuambiwa. Chukua ufagio. Naliweka hili juu ya ufundi wowote wa lugha, kwa sababu klabu nyingi hazina mfanyakazi wa usafi, na mgeni aliyebaki kusafisha hukoma kuhesabiwa kuwa mgeni. Ukiondoka, sema "Otsukaresama desu", yaani poleni na kazi.

Halafu kuna nomikai, kikao cha vinywaji baada ya mazoezi au onyesho. Kwa kawaida huchukua muda wa saa mbili, bei moja kwa kila mtu, mara nyingi yeni 3,000 hadi 4,000, na hugawanywa sawa hata kama umekunywa maji. Mtu huwa mtu mzima kisheria akiwa na miaka 18 tangu Aprili 2022, lakini pombe bado ni kuanzia miaka 20. Hakuna anayepaswa kukulazimisha, na klabu inayoshindanisha watu kumaliza glasi kwa mkupuo ni ya kuondoka usiku huo huo. Asiyekunywa aagize chai ya oolong na aseme "Osake wa nomemasen", yaani siwezi kunywa pombe. Likisemwa mara moja kwa utulivu, hukubaliwa.

Kwa Mwislamu, chakula ndicho kinachohitaji maneno zaidi. Nguruwe huwa ndani ya vitu visivyoonekana, kama supu ya rameni na sosi, na mirini na sake, pombe za mchele, hutiwa kwenye mboga za kawaida kabisa. Mwambie mpangaji siku kadhaa kabla, si mezani: "Shūkyō no riyū de, butaniku to osake wa dame nan desu", yaani kwa sababu za dini, situmii nguruwe wala pombe. Mara nyingi watachagua mkahawa wa samaki, na usipojitokeza na ombi hilo hawatajua. Swala nayo inapangika. Desemba jua la Tokyo huzama saa kumi na nusu jioni, Juni huzama karibu saa moja, kwa hiyo Magharibi ya kiangazi huangukia katikati ya mazoezi ya jioni. Omba dakika kumi na kona tulivu. Wengi watakuuliza maswali kwa udadisi wa kweli, yajibu. Wenye hijabu au rasta nene wanaotaka kendo wazungumze na senpai kuhusu kofia ya kinga, ambayo huvaliwa juu ya kitambaa kilichofungwa kichwani.

Vikundi vya kuviepuka

Kila Aprili vyuo hubandika matangazo ya kuonya kuhusu vikundi vya dini vinavyojificha nyuma ya jina la saakuru ya michezo, ya kujitolea au ya kujifunza lugha. Yasome, na uyachukulie kwa uzito wote. Mgeni mpweke aliyefika juzi ndiye wanayemtafuta. Dalili zake zinajulikana: hawasemi wazi jina la kikundi wala kiongozi, wanataka anwani yako na habari za familia siku ya kwanza, wanakualika semina ya siku mbili nje ya chuo, na wanakuambia usimweleze mtu. Ndugu zao ni wanaoanza na urafiki na kuishia kukuuzia masomo ya uwekezaji au kukutaka ulete wanachama wengine. Angalia jina kwenye orodha ya vikundi vilivyotambuliwa. Usipoliona, usitoe namba yako hadi uulize ofisini. Ukishaingia na ukataka kutoka, nenda gakusei-ka siku hiyo hiyo. Wana uzoefu wa kesi hizo na hawatakulaumu.

Ukipata tatizo la kawaida ndani ya klabu halali, kama kubezwa au kuguswa usivyotaka, chuo kina dawati la malalamiko ya unyanyasaji, na mgeni ana haki nalo sawa na mwenyeji.

Kujitoa na kuaga

Ukiona umekosea kuchagua, toka ndani ya wiki nne za mwanzo. Mwandikie kiongozi moja kwa moja, si kwenye kundi, umshukuru na useme masomo yamezidi. Kutoweka kimya humfunga mlango mgeni atakayekuja baada yako, maana watasema wageni huacha bila kuaga.

Ukibaki hadi mwisho, mwezi mmoja kabla ya safari wakumbushe tarehe yako. Watataka kukuandalia kikao cha kuagana, na mara nyingi utapewa shikishi, kadibodi ya mraba ambayo kila mwanachama ameiandika ujumbe kuzunguka jina lako. Ibebe kwenye begi la mkononi, isipinde. Rudisha ufunguo wa chumba cha klabu, vifaa ulivyoazima, na umalize deni lolote kwa mweka hazina kwa pesa taslimu kabla hujafunga akaunti ya benki. Peleka zawadi ndogo inayogawanyika: kahawa ya Kilimanjaro wanaijua na wanaipenda. Usijitoe kwenye kundi la LINE, na kama namba yako ya Japani inakufa, hamishia akaunti kwenye namba ya nyumbani kabla ya kurudisha laini. Halafu mtafute mwanafunzi kutoka kwenu atakayekuja muhula ujao, umpe jina la klabu na la mtu mmoja wa kumwandikia.